Ukumbi Uliozikwa Mchana

Sogeeni. Mwenye masikio ayalete, mwenye ubishi auweke akiba, atauhitaji kabla sijanyanyuka hapa. Aliye mwoga akae katikati, asikae pembeni, maana ya leo inatisha, na mimi mwenyewe huwa naisimulia nikiwa nimeshika kitu.

Si hadithi ya huku. Ni ya kaskazini ya mbali, zama za kale, nchi ambayo bahari huingiza mkono wake katikati ya milima na maji yakakaa humo meusi, kina hakijulikani. Milima yenyewe imesimama wima, hata mbuzi hufikiri mara mbili. Majira ya baridi jua huchungulia kidogo tu adhuhuri, mara hilo, limekwenda. Theluji hushuka mpaka ikafunika ua. Wewe hapo unayevaa sweta mbili mwezi wa saba, huko ungekufa siku ya kwanza, tena asubuhi, kabla ya chai.

Chini ya mlima mmoja wa huko palikuwa na ukumbi. Usifikirie ukumbi wa kukodi wa harusi. Huu ulikuwa nyumba ya watu, ndefu, hatua sitini toka mwisho hadi mwisho. Kuta zake mbao ndani, na nje mabonge ya udongo yenye nyasi yamepangwa mpaka yakawa mazito kuliko ngome. Nguzo safu mbili. Moto mrefu katikati ya sakafu, na juu yake tundu la kutolea moshi. Upande mmoja walikaa watu, upande mwingine ng'ombe, wakipashana joto. Mlango ulikuwa mmoja, nao ulielekea mlimani, ili upepo wa bahari usipate pa kuingilia.

Mwenye ukumbi aliitwa Hallvard. Alikuwa na kiti cha enzi kati ya nguzo mbili zilizochongwa, na mkononi alivaa bangili nzito ya fedha. Hiyo ndiyo waliyoapia. Mtu akishika bangili ile akasema neno, limekwisha semwa. Hata kama amekosea, hata kama analia, halirudi.

Na alikuwa na watumwa. Neno hilo sitawaeleza, pwani yetu inalijua vizuri kuliko tunavyopenda. Katika watumwa wake, watatu walikuwa na vipaji, nataka muwashike vizuri maana fumbo langu ni lao.

Wa kwanza ni Alof, mtunza moto. Mwanamke huyu aliujua moto kama mama anavyojua kilio cha mwanawe, huu wa njaa, huu wa usingizi, huu wa maradhi. Kuni ikitupwa motoni hata amefumba macho, alisema ni mti gani na ulikatwa lini.

Wa pili ni Bersi, mchunga ng'ombe. Kipaji chake masikio. Aliweka sikio kwenye tumbo la ng'ombe akakwambia ndama amelala upande gani. Alitembea juu ya barafu akajua itapasuka wapi, kwa kuisikiliza tu. Watu walisema ukitaka kumsengenya Bersi, vuka maji kwanza.

Wa tatu ni Dufan, seremala, aliyetekwa kutoka visiwa vya magharibi akiwa mtu mzima, mwenye mke na nyumba yake. Yeye aligonga mti kwa kifundo cha kidole, akajua umeoza wapi, umechoka wapi, na utavunjika kwa mzigo gani. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alizungumza na mbao zaidi kuliko na watu.

Haya. Katikati ya majira ya baridi watu wale walikuwa na sikukuu ya siku tatu, na desturi kubwa ya sikukuu ile ilikuwa moto. Ukiwashwa siku ya kwanza, hauzimwi mpaka siku ya tatu. Ukizimika, bahati ya ukoo imezimika. Na mtunza moto aliyeuacha uzimike alivuliwa viatu akatolewa nje kwenye theluji, mlango ukafungwa nyuma yake. Alof alikuwa ameutunza moto huo miaka kumi na mmoja, na kila mwaka hakupata usingizi siku zote tatu.

Mwaka huo alikuja mgeni, Sigvald, mwenye ukumbi wa ng'ambo ya maji. Binti wa Hallvard alikuwa ameposwa na mwana wa mgeni huyu. Sigvald alikuwa mtu wa sauti laini, hakuipandisha hata mara moja. Lakini kati ya watumwa watano aliokuja nao, wawili hawakuwa na sikio la kushoto. Bersi alipoliona hilo, mkono ukamwenda wenyewe kwenye sikio lake.

Asubuhi ya siku ya pili, Hallvard, tumbo limejaa pombe ya shayiri, alisimama akashika bangili. "Mkwe wangu," alisema, "binti yangu hatakuja kwako mikono mitupu. Barafu ikiyeyuka, atasindikizwa na mtunza moto wangu, mchunga wangu na seremala wangu. Wote watatu ni wako."

Sigvald aliwatazama watatu wale mmoja mmoja, polepole, kama mtu anayechagua kuku. "Nimepokea," akasema.

Jamani, msione hivi hivi. Mtumwa kwa Sigvald hakumaliza miaka miwili. Walijua wote. Alof akashika kuni ili watu wadhani yuko kazini.

Hawajakaa sawasawa, Bersi akainua kichwa. "Mlima," akasema. Hakufika neno la pili. Vikombe vilicheza mezani, kikaja kishindo ambacho waliobaki hai hawakutaka kukisimulia, na tundu la moshi likafumba. Theluji yote ya mlima ilikuwa imeshuka juu yao. Asubuhi ile, watu arobaini na sita walizikwa wazima.

Kwanza walipiga kelele. Baadaye wanaume wakakimbilia mlangoni. Mlango unafunguka kwa ndani, wakauvuta, na mbele yao ukuta mweupe mgumu kama jiwe. Wakaanza kuchimba kwa shoka, kwa sahani, kwa kucha. Theluji waliyoichimba waliitupa ndani, na kila walipochimba mkono mmoja, mkono mwingine uliteremka. Juu, mapaa yalikuwa yakilia. Kriii. Kimya. Kriii.

Hallvard aliogopa, sitamfichia. Alipanda juu ya benchi akashika bangili kwa mikono miwili. "Sikilizeni! Mtu atakayewatoa watu wangu humu wakiwa hai, mtu huyo mmoja, hata akiwa mtumwa, leo hii atakuwa huru. Nimeapa!"

Sasa angalieni moto. Moshi haukuwa na pa kutokea. Ulianza kujaa juu, ukashuka mpaka kwenye nguzo, ukashuka mpaka kwenye vichwa. Watu wakalala chini wakikohoa. Na bado hakuna aliyethubutu kuugusa, kwa sababu ulikuwa moto wa sikukuu. Walikuwa radhi kufa na bahati yao.

Alof aliutazama. Ulikuwa umeanza kuwa mwekundu mzito, umelala, unakosa pumzi. Akajua kwamba moto ule na watu wale walikuwa wanagombea pumzi moja. Mlinzi mmoja wa Hallvard, uzalendo umemshinda, alinyakua ndoo ya pombe aumwagie. Alof akamdaka mkono. "Ukimwaga hiyo, mvuke na majivu vitatuingia kooni sote, tumekwisha!" Hallvard akanguruma, "Atakayezima moto huo nitamzika nao!" Alof akasema, "Bwana, tumeshazikwa." Akapiga magoti, akatoa magogo yale moja moja kwa mikono yake mitupu, akayafukia kwenye udongo wa sakafu na majivu baridi, kama afanyavyo mtu anayelaza watoto, bila kuruhusu moshi mwingine kuinuka. Mikono yake ilinuka nyama inayoungua. Alilia kwa sauti, lakini hakuacha mpaka gogo la mwisho. Giza likaingia, na watu wakaanza kuvuta pumzi.

Lakini pumzi ile ilikuwa ndogo. Ndani ya giza, mapaa yanalia, ng'ombe wanahema, mlangoni wanaume wanaendelea kuchimba na theluji inaendelea kushuka. Hapo akasimama Bersi. "Nyamazeni," akasema. Nani anamsikiliza mtumwa? Akarudia, akilia, "Nawaomba, kwa uhai wa watoto wenu, nyamazeni kidogo tu." Labda ni kwa sababu ya kilio kile, wakanyamaza.

Bersi alipapasa ukuta hatua kwa hatua, sikio limebanwa kwenye mbao. Upande wa mlango, kimya kizito, kimya cha theluji iliyo ndefu kupita mti wa msonobari. Walikuwa wanachimba kuelekea moyoni mwa mlima! Akaenda mbele, kimya. Akapita kati ya ng'ombe mpaka ukuta wa nyuma, unaoelekea maji. Akakaa hapo mpaka kila mtu akadhani amezimia. Kisha akasema, "Flosi." Flosi alikuwa mbwa wake, aliyetolewa nje asubuhi kwa kuiba mfupa. "Flosi anakwaruza. Yuko karibu, hazidi urefu wa mikono miwili. Vunjeni hapa."

Hakuna aliyesogea.

Mnajua kwa nini? Watu wale mtu akifa ndani, hawakumtoa mlangoni. Walivunja ukuta wa nyuma, wakampitisha hapo, wakaziba, ili mzimu wake ukirudi usione pa kuingilia. Ukuta wa nyuma ulikuwa njia ya maiti. Aliye hai akipita pale, mauti yamemtia alama. Kwa hiyo arobaini na sita hawa walikuwa tayari kufa mlangoni kuliko kuishi kwa kupitia pale. Msiwacheke. Hata sisi yapo tusiyoyafanya, na ukituuliza sababu tunakasirika.

Bi Gudny, mama yake Hallvard, ndiye aliyekata mzizi wa fitina. "Mimi nina miaka sabini na tisa," alisema gizani. "Mauti yananifuata hata nikipita mlangoni. Vunjeni, nipite wa kwanza." Bibi huyu hayumo kwenye fumbo, msije mkanichanganyia mambo. Lakini Mungu ampe alichotaka.

Ndipo ikaja zamu ya Dufan, maana kuvunja si neno dogo. Ukuta ule ndio ulioshika mapaa, na juu ya mapaa ulikuwa umekaa mlima. Ukikata ubao usiofaa, paa lote chini. Mtu mmoja alishainua shoka, Dufan akamsukuma mpaka akaanguka kwenye samadi. Akaanza kugonga kwa kifundo cha kidole. Ko, ko. Ubao huu unabeba. Ko, ko. Huu pia unabeba. Watu wakawa wanasali kwa miungu yao, na mapaa, kriii. Ko, ko, ko. "Hapa," akasema. "Lakini nataka mhimili. Nataka nguzo ya kiti chako, bwana."

Nguzo za kiti cha enzi! Babu yake Hallvard alizivusha bahari. Mjukuu wake mmoja akakohoa gizani, na Hallvard akasema, "Chukua." Dufan akaing'oa na wenzake, akaisimamisha chini ya boriti, akakata mbao nne tu, si tano, akachimba udongo, nyasi na theluji ya nje, na mwanga wa jua ukaingia, mwembamba kama uzi. Boriti ikaanza kushuka. Dufan akaingia chini yake, pembeni mwa nguzo, akaibeba kwa bega. "Piteni," akasema, meno yamebanana. Bibi Gudny akapita wa kwanza akitambaa. Wakafuata watoto, wakafuata wanawake, wanaume, Sigvald na watu wake. Bega la Dufan lilipasuka, wote walilisikia. Alipotoka yeye wa mwisho, akajitupa, na nyuma yake ukumbi wote ukakaa chini. Hatua sitini za nyumba, ng'ombe, kiti, moto, vyote vikawa kilima kimoja cheupe.

Nje kulikuwa na jua, jua la kule, jekundu, limesimama kidogo juu ya ukingo wa mlima. Watu walihesabiana. Arobaini na sita. Walikumbatiana, walicheka, walilia, Flosi akalamba kila uso uliokuwa karibu naye. Hallvard akawaita watatu wale mbele yake na kuvua bangili.

Hapo Sigvald akazungumza, kwa sauti yake ileile laini. "Mkwe wangu, sheria ni sheria. Asubuhi uliapa kunipa watatu hawa. Baadaye, kwa bangili hiyohiyo, ukaapa kumwacha huru mmoja. Ulisema mtu huyo mmoja, nimesikia mimi, wamesikia wote. Basi mchague. Wawili ni wangu. Na kiapo kikishaiva hutimizwa kabla jua halijazama. Likizama hujachagua, cha pili kimekufa, cha kwanza kiko hai. Nitachukua watatu."

"Nitakupa ng'ombe," Hallvard akasema.

"Ng'ombe wako wapi?" Sigvald akauliza. Kisha akaonyesha kidole ng'ambo ya maji, kwenye moshi wa ukumbi wake. "Watu wako wana nguo za sikukuu tu. Baridi inakuja. Unadhani watalala wapi leo?"

Hallvard akatazama wajukuu zake, midomo imeshakuwa ya buluu. Akaelewa kwamba hana pa kugombania. Akawageukia watatu. "Semeni wenyewe," akasema. "Nani aliyetutoa?"

Alof akatangulia, mikono ameiinua mbele kama mtu aliyebeba kitu. "Bwana, sitajifanya mpole. Nataka kuwa huru, kwa sababu naogopa. Moto ule ulikuwa wenu, lakini adhabu yake ilikuwa yangu, na niliuzima nikiijua. Nisingeuzima, masikio ya Bersi yangesikiliza nini? Mngekuwa maiti. Na mikono hii haitashika kitu tena. Mtunza moto asiye na mikono, huyu bwana atamfanyia nini?"

Bersi akafuata. "Dada yangu kasema kweli. Lakini alituongezea muda wa kufa tu. Mlikuwa mnachimba kaburi, bwana, tena mnalichimba kwa bidii. Seremala angekata ukuta upi, kama si mimi kumwonyesha? Nipelekeni pale, yatakatwa masikio haya haya yaliyowasikilizia uhai."

Dufan akaja wa mwisho. Bega lake lilining'inia. "Nina mke huko magharibi," akasema. "Miaka minane. Sijui kama bado yupo. Nilipokuwa chini ya boriti ile, tundu lilikuwa mbele yangu. Ningeweza kutoka wa kwanza. Watu arobaini na tano walinipita, nikiwahesabu mmoja mmoja." Akawatazama wenzake wawili. "Na hawa walikuwa miongoni mwao."

Alof akaanza kulia, kwa aibu kwamba alijiombea. Bersi akamshika begani. Hakuna aliyejitoa, na mimi siwalaumu. Nani anayejitoa apelekwe kwa Sigvald?

Sasa tulieni, najua mlivyo. Kuna mmoja hapa ataniambia kidole kimoja hakivunji chawa, kazi ilikuwa ya wote. Kweli kabisa, na Hallvard naye aliijua methali kama hiyo kwa lugha yao. Lakini kiapo kilisema mmoja. Mwingine ataniambia wampige Sigvald wamtupe majini. Wampige kwa nini, kwa sahani? Na watoto walale wapi? Nimeisimulia hadithi hii msibani mara moja, waombolezaji wakagawanyika mafungu matatu na mfiwa akasahau kulia. Mzee mmoja aliniambia ni Alof, maana ndiye aliyeumia akijua. Mkewe akaacha kuzungumza naye siku nzima.

Hallvard ameinua bangili. Sheria yao ni kwamba atakayeguswa nayo kichwani ndiye huru. Watatu wamepiga magoti kwenye theluji, macho chini. Amesogea mbele ya Alof, mkono haukushuka. Amesogea mbele ya Bersi. Amesogea mbele ya Dufan, amerudi. Jua limeugusa mlima, limebaki nusu, na Sigvald ameshaanza kuvaa glavu zake.

Basi mkono huo nawapa ninyi. Wewe, na wewe uliyekuwa unacheka mwanzoni, na wewe uliyejificha katikati. Ungeushusha juu ya kichwa cha nani?

Semeni. Msikae kimya hivyo. Mkinyamaza, jua linazama, na watatu wote ni wa Sigvald.